Nyimbo za Majonzi na Deni Lake

Wako watu wanaodhani kuwa wimbo wa majonzi ni kilio kilichotiwa sauti, na kwamba kilio hicho kikiimbwa na wanawake huzidi kuwa chepesi. Wimbo wa furaha huhesabiwa kuwa na nguvu. Wimbo wa huzuni huachiwa wenye mioyo dhaifu. Dhana hii ni kongwe, na imeenea katika nchi nyingi. Bendi za roki za wanawake wa Japani zimeikanusha kwa muda wa miaka 40 na zaidi, si kwa hoja, bali kwa magitaa na ngoma.

Wajapani wana neno setsunai. Hutajwa pale kifua kinapobana kwa ajili ya kitu kizuri kinachopita, nalo huandikwa kwa alama yenye maana ya kukata. Si huzuni tupu, kwa kuwa ndani yake mna utamu. Wala si furaha, maana utamu wenyewe umekwisha kuaga. Hisia hii ina nasaba ndefu katika fasihi yao. Katika karne ya 9 malenga Ono no Komachi alitunga mashairi ya mapenzi na ya uzuri unaofifia kama rangi ya ua. Mwanzoni mwa karne ya 11 Murasaki Shikibu, mwanamke wa jumba la mfalme, aliandika kisa kirefu cha Genji. Na katika karne ya 18 mwanachuoni Motoori Norinaga akafundisha kuwa thamani ya kitabu hicho ni kumfanya msomaji aguswe na upitaji wa mambo. Basi mwanamke mwenye kuyapa majonzi maneno si mgeni katika nchi ile. Wasichana watano waliokusanywa Tokyo mwaka 1983 kuwa bendi walipewa kwanza jina la Akasaka Komachi, kwa kuwa jina la malenga yule lilikuwa limekwisha kuwa neno la kumwita msichana mzuri. Baadaye walijiita Princess Princess.

Mwaka 1989 Princess Princess walikuwa bendi ya kwanza ya wanawake pekee kufanya tamasha katika Budokan, ukumbi uliojengwa Tokyo kwa mchezo wa judo wa Olimpiki ya 1964. Mwaka huo huo wimbo wao wa furaha, "Diamonds", uliuzwa Japani kuliko nyimbo zote. Katika sahani ile ile ulitiwa wimbo wa pili, "M". Maneno yake yalitungwa na mpiga ngoma, Kyoko Tomita, na sauti yake na mwimbaji, Kaori Okui. Mwanamke wa wimbo huu ameachwa, lakini hamlaani mtu wala hambembelezi mtu arudi. Anapitisha kidole tu juu ya ukurasa wa herufi M katika kitabu cha anwani, asiweze kulifuta jina. Watu waliokwenda dukani kununua almasi walirudi nyumbani na chozi pia, na kadiri miaka ilivyopita chozi lilipata sifa kama almasi.

Nguvu ya nyimbo hizi haimo katika maneno peke yake. Katika muziki wa Kijapani wa siku hizi hupendwa sana mfuatano mmoja wa mafungu ya sauti zipigwazo pamoja kwenye gitaa. Huanza fungu la nne la ngazi ya sauti, likafuata la tano, na sikio likatumaini kufika la kwanza, ambalo ndilo nyumbani. Badala yake hupelekwa kwenye la tatu, kisha la sita, na yote mawili yana kivuli cha huzuni. Mlango wa nyumbani umeonekana, haukufunguliwa. Tena mwendo wa ngoma si wa matanga. Aghalabu ni mwendo wa mbio. Mwili hucheza na moyo hulia kwa wakati mmoja, na msikilizaji hawezi kukaa chini akajihurumia.

Majonzi ya namna hii hudai kazi. Chatmonchy walikuwa wanawake watatu kutoka Tokushima, katika kisiwa cha Shikoku. Mwaka 2008 walitoa wimbo "Somaru Yo", ambamo mwanamke anavuta tumbaku aliyoipenda mwanamume wake, apate kuonja kile kilichobaki cha mtu huyo. Miaka mitatu baadaye bendi yenyewe ilipatwa na mwachano: mpiga ngoma, Kumiko Takahashi, aliondoka mwaka 2011. Wawili waliobaki hawakutafuta mgeni wa kuziba pengo. Akiko Fukuoka, aliyekuwa mpiga besi, alikalia kiti kilichokuwa kitupu akajifunza ngoma, na mwaka 2012 wakatoa sahani waliyoiita "Henshin", yaani kugeuka umbo. Waliendelea mpaka walipoimaliza safari yao kwa hiari mwaka 2018. Waliokuwa wakiimba juu ya kuachwa walionyesha jinsi aliyeachwa anavyoweza kuishi.

Deni la wimbo lilikuwa wazi zaidi kwa ZONE, wasichana wanne wa Sapporo, kaskazini mwa nchi. Mwezi wa Agosti 2001 walitoa "Secret Base", wimbo wa marafiki wawili wanaoachana mwishoni mwa likizo ya kiangazi, wakiahidiana kukutana tena baada ya miaka 10. Wimbo ulitungwa na mwanamume, wala haukutoka katika maisha ya waimbaji. Hata hivyo ahadi humshika aliyeitamka. Mwaka 2005 bendi ilivunjika, na waliokuwa watoto walipousikia wimbo ule waliendelea kuhesabu miaka. Ulipofika mwaka 2011 ZONE ilikusanyika tena. Mwenye shaka atasema kwamba hiyo ilikuwa biashara, na huenda biashara haikukosekana. Lakini biashara ingeweza kuchagua mwaka wowote; mwaka ule ulichaguliwa na wimbo. Ahadi ni deni, hata kwa yule aliyeipokea kutoka kinywani mwa mwingine.

Mwaka huo wa 2011, tarehe 11 Machi, tetemeko la ardhi na tsunami viliipiga pwani ya kaskazini mashariki ya Japani, na watu zaidi ya 15,000 walikufa. Princess Princess walikuwa wametengana tangu mwaka 1996. Mwaka 2012, baada ya miaka 16, walirudi jukwaani kwa mwaka mmoja ili mapato yao yawasaidie waliopatwa na msiba. Sehemu ya fedha hizo ilichangia ujenzi wa ukumbi wa muziki katika mji wa Sendai, uliofunguliwa mwaka 2016, na wao wenyewe wakaimba humo. Mtu aliyepotewa na jamaa baharini aliposikia "M" wakati huo, ukurasa wa kitabu cha anwani haukuwa tena wa mpenzi aliyekwenda zake. Ulikuwa wa kila jina lisilofutika. Wimbo haukubadilika hata neno moja. Msiba ndio uliokua ukaufikia.

Basi wapimao nyimbo kwa nguvu zake wana haki ya kuuliza majonzi yamefanya nini. Katika bendi hizi majonzi yalimketisha mpiga besi nyuma ya ngoma, yaliwarudisha waliotengana, na yalichangia nyumba mahali palipobomolewa. Furaha hukisifu kitu kingali mkononi. Majonzi hukithamini kikiwa kimekwisha kutoka, na kazi hiyo haiwezwi na moyo dhaifu.