Damu Ing'aayo na Isiyong'aa

Ndugu na jamaa, nimeombwa niandike habari za kazi yangu ya maabara hapa Uingereza, nami nimechagua jambo linalotuingia majumbani mwetu: hina na watoto wachanga.

Mjukuu wa dada yangu, huko Muscat, alipakwa hina miguuni kabla hajatimiza arubaini. Siku ya tatu macho yakawa manjano na mkojo mweusi kama kahawa. Akaongezwa damu, akapona. Lakini maneno yakaanza kwamba mkamwana wetu kaingia nyumbani na nuksi, na maneno hayo ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Kila chembe nyekundu ya damu ina glutathioni, kizuia-oksidi kinachoikinga na vitu viunguzavyo, kama vile hina, naftalini tunayotia masandukuni, na ful. Kinga hiyo ikitumika hurudishwa kwa nguvu ya NADPH, nayo hutengenezwa kwa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Aliyepungukiwa nacho huweza kukaa salama miaka mingi, hata akutane na kiunguzacho. Hapo chembe hupasuka. Watu kiasi cha milioni 400 duniani wanao upungufu huu, na Oman na pwani ya Afrika Mashariki wamo wengi.

Kipimo chake alikieleza Ernest Beutler mwaka 1966. Tone la damu huchanganywa na dawa, likadondoshwa juu ya karatasi na kukaushwa, kisha tunazima taa na kulimulika kwa mwanga wa urujuanimno. NADPH hung'aa buluu. Damu yenye upungufu hubaki giza. Sijachoka kukitazama. Siku hizi tunaona hata ndani ya chembe iliyo hai. Monoklorobimani huingia bila nuru, na ikishikana na glutathioni hung'aa. Ila ikishashika haiachii, hivyo hula kile inachokipima. Viko vipimo vipya vinavyoshika na kuachia, ukaona kinga ikishuka na kupanda.

Mintarafu ya lawama: mtoto wa kiume huurithi upungufu huu kwa mama, naye mama huenda kaupata kwa babake, bila mwenyewe kuugua. Basi nuksi iko wapi?

Mwombeni daktari kipimo cha G6PD mtoto azaliwapo, na hina ingoje. Msingoje augue, maana aliyekwisha kuongezwa damu hupimwa damu ya mwingine. Kijana wetu ilibidi asubiri miezi mitatu. Karatasi yake ilibaki giza.