Jiwe la Mama

Leo nawaletea kisa cha jiwe. Msicheke, nisikizeni kwanza.

Mama yangu hugonga kokoto kando ya barabara huku kwetu Gwasi. Malori hutoka Homa Bay na hata Migori kuja kuzinunua, na hizo ndizo karo yangu. Lakini muhula uliopita, tukitoka shule na wenzangu, nilimpita mama kama simjui. Alinitazama, kisha akainamia nyundo yake. Usiku ule chakula hakikushuka.

Wiki hiyo mwalimu wa jiografia alituagiza kila mtu alete jiwe. Nikaokota moja kwenye rundo la mama. Lilikuwa la kijivu, lina madoa meusi yanayong'aa. Mwalimu akalitazama kwa lenzi, akasema, "Hizi ni fuwele za pairoksini. Jiwe hili lilitoka tumboni mwa Kisingiri."

Kumbe milima yetu ya Gwasi ni mabaki ya volkano! Kisingiri ilikuwa ikilipuka miaka kama milioni 18 iliyopita. Majivu yake yalifukia wanyama wa Rusinga, kisiwa ambako Mary Leakey alipata fuvu lililopewa jina la Proconsul mwaka wa 1948.

Mwalimu alieleza kwamba magma haipandi juu mara moja. Hutua chini ya ardhi ikipoa polepole, na fuwele hukua humo tabaka juu ya tabaka, kama pete za mti. Magma mpya yenye moto zaidi ikiingia, ukingo wa fuwele huweza kuyeyuka kidogo, halafu tabaka lenye mchanganyiko tofauti wa kemikali hujengeka juu yake. Volkano ikilipuka, fuwele hutoka zikiwa zimebeba habari zote hizo. Wataalamu huzikata nyembamba sana, wakazipima, wakakadiria magma ilikaa kina gani na ilikuwa na joto kiasi gani.

Nilinyamaza. Jiwe halijasahau lilikopikwa, na mimi je?

Jioni nilisimama pale pale na wenzangu. "Huyu ni mama yangu," nikasema, nikamwonyesha zile fuwele. Mama akacheka sana. "Nyathina, miaka yote hii nilidhani ni uchafu tu!" Wenzangu wakainama rundoni kutafuta zao.

Wahenga hawakukosea waliposema mwacha asili ni mtumwa.