Suruali Ilivyoingia Nyumbani Kwetu

Nyumbani kwetu Dar es Salaam, suruali zilikuwa za baba na kaka zangu. Mama alivaa gauni na khanga. Sisi mabinti tulivaa sketi za shule, na jioni magauni yaliyovuka magoti. Tukiuliza sababu, jibu lilikuwa moja: mwanamke wa suruali ni mhuni.

Hofu hiyo ilikuwa na chanzo. Mama mdogo alikuwa msichana mwaka 1968, Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ulipotangaza Operesheni Vijana. Kuanzia Januari 1969, sketi fupi, mawigi na suruali za kubana vilipigwa marufuku kwa jina la utamaduni wa taifa. Hata kabla ya siku hiyo kufika, makundi ya vijana yaliwavamia wasichana Kariakoo. Miaka mingi baadaye, mama mdogo bado alitukagua mlangoni.

Wa kwanza kuvaa suruali kwetu alikuwa dada, alipokwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Kambini alikimbia mchakamchaka, akalima na kulenga shabaha akiwa na magwanda, na hakuna aliyemwita mhuni. Alipokuja likizo, alirudi kwenye gauni. Nikajiuliza: kama suruali inamfaa anapojenga taifa, inamharibu vipi anapokwenda sokoni?

Miaka ya 1990 mitumba ilifurika, na jinzi ikawa nguo ambayo hata mama lishe aliimudu. Nilinunua yangu nilipoanza kazi. Daladala ziligombewa mlangoni, na mwenye sketi ya kubana aliachwa kituoni. Kisha zikaja bodaboda. Mwenye sketi hukaa upande, na dereva akifunga breki ghafla, ni vigumu kujizuia. Mwenye suruali hupanda akakaa sawasawa, miguu yote miwili imekanyaga. Ndiyo maana muuguzi anayewahi zamu ya alfajiri huvaa suruali, na asiyependa ionekane huivaa ndani ya dera.

Mama mwenyewe, magoti yalipoanza kumsumbua na kituo kikawa mbali, aliniambia: "Mwanangu, nitafutie suruali pana niivae ndani ya gauni, nipande pikipiki kwa heshima yangu." Nilimletea mbili.

Wapo wanaosema hadi leo kwamba suruali si vazi la wanawake wetu, lakini historia inasema vingine. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, alizaliwa Zanzibar mwaka 1844. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, alieleza jinsi wanawake wa jumba la sultani walivyovaa suruali chini ya kanzu zao. Pwani yetu ilimjua mwanamke wa suruali kabla ya reli, kabla ya gari, na kabla ya TANU.

Sketi ninazo, na huzivaa nikipenda. Ninachowatakia mabinti zetu ni kwamba asiwepo wa kuwakagua kituoni: wachague nguo kwa kuangalia safari na kazi iliyo mbele yao, na heshima yao ipimwe kwa matendo.