Kutoka kwa Mzee Mmoja hadi Meza ya Mtumba

Nilipoingia kwenye utafiti wa kilimo huku kanda ya kati, kijana aliyeajiriwa alikabidhiwa kwa mzee. Utaratibu huo haukuandikwa popote. Mkuu wa kituo alikuonyesha mtu mmoja akasema, "Utakuwa na huyu," na tangu hapo maisha yako kazini yalitegemea huyo ni mtu wa namna gani.

Wangu alikuwa fundi wa mtama. Alinifundisha kufunika masuke kwa mifuko ya karatasi kabla maua hayajafunguka, ili chavua ya mstari wa jirani isiharibu uzao. Lebo tuliandika kwa penseli, kwa sababu wino haustahimili jua la Dodoma wala mvua yake chache. Alikuwa akitutoa kitandani alfajiri ili tufike shambani kabla ya kweleakwelea, na njiani hakutuuliza tumelalaje bali jana tulihesabu nini. Kwake nilikijua kiduha, gugu linalojishikiza kwenye mizizi ya mtama likaunyonya kabla hata halijachomoza juu ya ardhi, na kwake nilizijua Hakika na Wahi, mbegu zilizotolewa mwaka 2002 kwa ajili ya mashamba yenye gugu hilo. Alichokijua alinipa chote. Mpaka leo nikishika suke, ninalishika anavyolishika yeye.

Ila habari ya njia ya mtafiti mwenyewe hatukuizungumza. Ruhusa ya masomo unaiomba lini na kwa nani? Jina la nani linatangulia kwenye makala? Bajeti ya andiko la mradi inaandikwaje? Niliambiwa kupanda daraja kunahitaji machapisho, lakini hakuna aliyekaa nami kunionyesha jarida la kweli linatofautianaje na lile linalokutoza fedha na kuchapisha chochote. Mwenzangu niliyeajiriwa naye alikuwa kwa mzee mwingine. Alipima mazao misimu kadhaa, akajaza madaftari, kisha akakutana na takwimu zake kwenye makala isiyo na jina lake hata kwenye shukrani. Hakusema kitu. Angesema wapi, na kwa nani? Baada ya muda aliacha utafiti akaenda kuuza pembejeo, na nchi ikapoteza mtu mwenye jicho zuri la magonjwa ya mimea kuliko sisi wote wa rika lile.

Wenye kuutetea utaratibu wa zamani hutukumbusha matunda yake, na wana haki. Hakika na Wahi zenyewe zina ukoo: zilitokana na mistari ya Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kwa Gebisa Ejeta, Mwethiopia aliyelelewa kitaaluma huko na John Axtell, na ambaye mwaka 2009 alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani. Mwalimu mmoja, mwanafunzi mmoja, na shamba la mkulima wa kwetu likapona. Ninaipenda sana habari hiyo. Lakini anayeisimulia ni aliyepata mwalimu mwema. Wale waliokabidhiwa kwa mtu asiyejali hawapo kwenye simulizi, kwa kuwa hawapo tena kwenye utafiti.

Mwanga wa kwanza kwangu ulitoka Nairobi. Mwaka 2008 ulianza huko mpango wa AWARD, wa kuwaendeleza wanawake wa Afrika walio katika utafiti wa kilimo, na Tanzania ilikuwamo tangu mwanzo. Mwanasayansi anayechaguliwa hukutanishwa na mlezi wa kitaaluma aliyemtangulia, na yeye naye humshika mkono mdogo wake. Dada mmoja wa Morogoro aliyepita katika mpango huo alinishika mimi. Nilizoea kumwamkia mkubwa na kusubiri maelekezo. Yeye, badala ya kuniambia la kufanya, aliniuliza ninataka kuwa mtafiti wa nini, kisha akanyamaza akisubiri jibu. Sikuwa nimewahi kuulizwa hivyo na mtu wa cheo chake. Alinitaka nichore kwenye karatasi ninakotaka kufika na nani aliyeshika kila mlango wa njiani. Karatasi ile ilinifanyia kazi kuliko semina nyingi nilizolipwa posho. Hata hivyo yeye alikuwa Morogoro, mimi kanda ya kati, na alikuwa na mimi tu. Wenzangu wengine kituoni walibaki palepale.

Kilichobadilisha mambo hakikupangwa na wanasayansi. Dodoma iliteuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na kwa miaka mingi ikabaki hivyo kwenye karatasi. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba Serikali inahamia kweli. Aprili 2019 Mji wa Serikali ulifunguliwa Mtumba, mashariki ya mjini, kando ya barabara ya Dar es Salaam, penye vichaka na vumbi jekundu. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, ina makao yake Makutupora, penye zabibu. Chuo Kikuu cha Dodoma kilikuwapo tangu 2007. Ghafla watafiti wa mtama, maafisa mifugo, vijana wa maji, wa afya na wahadhiri wasaidizi wakawa wanaishi mji mmoja, wengi wao wageni, wapangaji, familia zikiwa Dar. Jioni ilikuwa ndefu na hakukuwa na pa kwenda.

Tulianza kukutana Ijumaa baada ya kazi kwenye mgahawa wa mama ntilie karibu na majengo ya mwanzo ya wizara huko Mtumba, yale ya chini. Mwanzoni tulikuwa tunalalamika tu. Mmoja akimsema bosi wake, mwingine anamzidi. Tukitawanyika, kila mtu amechoka kuliko alivyokuja. Au ikitokea akawepo mkubwa, anatoa hotuba na sisi tunaitikia.

Dada wa Morogoro alipotutembelea alitupa kanuni ambazo bado tunazishika. Anakuwa na jambo mtu mmoja. Wengine wanauliza tu, na kutoa ushauri ni marufuku hadi maswali yaishe. Na mdogo kazini anauliza kwanza, mkubwa wa mwisho. Hiyo ya tatu ndiyo iliyotuokoa, maana kwetu mkubwa akishasema, mdogo anameza swali lake. Shikamoo zinaishia mlangoni, heshima inabaki. Ya nne tuliiongeza wenyewe: hakuna kukaa meza moja na anayekujazia tathmini.

Baadaye nilisoma kwamba Mwingereza Reg Revans alijenga maisha yake yote juu ya jambo kama hilo. Akiwa mwanafizikia kijana katika maabara ya Cavendish, Cambridge, zama za Rutherford, aliwaona wanasayansi wakubwa wakikaa pamoja kuambiana walichoshindwa kukielewa. Baada ya Vita Kuu ya Pili aliupeleka utaratibu huo kwa wasimamizi wa migodi ya makaa ya mawe: vikundi vidogo, tatizo la kweli, maswali kabla ya majibu. Ilinifurahisha kujua kwamba mbegu yake ilitoka maabara.

Nakumbuka jioni ya binti mmoja wa utafiti wa mifugo. Alikuwa amepata ufadhili wa shahada ya uzamivu nje ya nchi, na machozi yalikuwa karibu. "Bosi amenikatalia," alisema.

Aliyeanza kuuliza alikuwa kijana wa maji, aliyekuwa bado kwenye matazamio. "Dada, ulimwomba kwa barua au kwa mdomo?"

"Nilimwambia kwenye korido. Akasema tutaona."

"Barua ya kuthibitishwa kazini unayo?" Anayo. "Jina lako limo kwenye mpango wa mafunzo wa taasisi wa mwaka huu?" Hajui. Hakuwahi kuuona. Mama mmoja wa utawala, aliyesubiri zamu yake ya mwisho, akauliza kwa upole, "Mwanangu, kuna karatasi yoyote uliyompelekea asaini?"

Binti aliangalia chai yake kwa muda. Hakukuwa na karatasi. Aliandika barua usiku uleule, tukaipitia pamoja Jumatatu mchana, na aliondoka kwenda masomoni.

Yapo ambayo meza yetu ya Ijumaa haiwezi. Haimfundishi mtu kufunika suke, na haiandiki barua ya kumdhamini mtu inayemjua kwa miezi tu. Kwa hayo mzee bado anatakiwa, na mimi nawataka wazee zaidi, siyo wachache. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, imekuwa rahisi kumpata profesa mstaafu wa Dar. Anapanda asubuhi, jioni anakaa nasi, na hatupangi tena safari ya basi ya kutwa nzima kwa mtu wa umri wake.

Kinachoniuma ni kwamba haya yote yanafanyika kwa saa za kuiba. Mwaka huu niliingiza ulezi wa vijana kuwa jukumu langu kwenye PEPMIS, mfumo tunaopimwa nao utendaji. Msimamizi wangu aliusoma, akaniuliza kiashiria chake ni nini. Ni swali la haki. Niliandika: idadi ya watafiti chini ya miaka mitano kazini waliowasilisha andiko wakiwa wao ndio watafiti wakuu. Aliidhinisha, kisha akaniuliza kama Ijumaa anaweza kumtuma kijana wake. Nilimjibu aje, ila yeye mwenyewe asije naye.