Ka-Vitz, Mlima na Koko

Wengi mmeniuliza kama hako ka-Vitz kangu kanafika Olmotonyi. Kanafika. Ila inategemea nani yumo ndani.

Kwa wasiopajua, ni kwenye miteremko ya Mlima Meru, juu ya Ngaramtoni, ukiiacha barabara ya Namanga. Ndipo kilipo Chuo cha Misitu kilichoanzishwa 1937. Mimi nimepanga huko, kazi mjini.

Sasa hesabu. Vitz ile ya kwanza, ya 1999, ina cc 997 na nguvu za farasi kama 70. Hizo ni za usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 kila ukipanda mita 1,000, maana hewa inakuwa nyepesi. Arusha mjini tu ni kama mita 1,400. Yaani kabla hujaanza mlima, farasi kumi hivi wamebaki Dar!

Kwa hiyo zima AC, toa D weka 2 mapema, kabla mlima haujakubana. Kushuka weka L injini ishike gari. Ukining'inia kwenye breki njia nzima zinachemka na kugoma. Masika ni habari nyingine, tope linateleza kama sabuni.

Lakini kinachoniumiza kichwa ni lifti. Jioni pale Ngaramtoni huwezi kuwapita majirani wenye mizigo na viti vinne vitupu. Tukijaa watano, kuna kona moja gari linakataa kabisa. Vijana wakiwemo wanashuka, hakuna mjadala. Siku moja hawakuwemo: mama na mtoto mgongoni, wazee wawili, na koko mmoja na debe lake la mahindi. Gari likagoma. Mzee wa Kiarusha atembee, mimi kijana nikae kwenye usukani? Mdomo ulikuwa mzito. Koko akaniwahi: "Mjukuu wangu, mbona gari lako linahema?"

Wazee wakacheka, wakashuka wenyewe. Mmoja akaligonga kwa fimbo kama anaswaga ng'ombe. Likapanda. Nikawasubiri juu.

Ofisini wananiambia niuze ninunue RAV4. Nimeweka bei ya mafuta pembeni ya mshahara wa gazeti, nikafunga daftari. Siku hizi tunapatana palepale chini nani atashuka kwenye kona, na koko anakaa mbele, debe miguuni.

Wenye Starlet na Alto, nyie mnafanyaje?