Kete Ndani ya Kompyuta

Mchezo ni neno linalosemwa shuleni kwa kukunja uso. Mwalimu akimwambia mwanafunzi "wacha mchezo", maana yake ni kwamba kazi imetupwa kando. Na mzazi akisikia kwamba mwanawe ameingia katika kundi la watu wa gemu, kinachomjia akilini ni kijana aliyejikunja juu ya simu hadi usiku wa manane, chakula kimepoa na daftari halijafunguliwa. Siwalaumu wazazi, kwani mawazo hayo yana sababu. Lakini wapo watu ambao hawaishii kuzicheza gemu, bali huziunda. Hawalipwi na mtu, wanafanya kwa kupenda tu, kama vile mwengine apendavyo kufuga njiwa ama kushona kofia. Kundi kama hilo lipo hapa kwetu kisiwani, nami niliingia mnamo Agosti 2024, wakati wa likizo. Nataka niwaeleze nilichokikuta huko, maana kilinipeleka mahali ambapo sikutarajia: kwenye baraza za wazee.

Kazi hii si ngeni katika nchi zetu. Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa gemu ya kompyuta iitwayo The Adventures of Nyangi, inayomhusu msichana anayetafuta vitu vya kale vya Kiafrika. Baadaye yeye na Eyram Tawia wa Ghana walianzisha kampuni ya Leti Arts, inayounda gemu na hadithi za katuni kutokana na masimulizi ya Afrika. Yupo pia Lual Mayen wa Sudan Kusini, aliyekulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mamake aliweka akiba miaka mitatu hadi akafikisha dola 300 za kumnunulia laptopu. Akajifundisha mwenyewe, akaunda gemu iitwayo Salaam, ambayo ndani yake mchezaji ni mkimbizi anayeikimbia vita. Mwaka 2018 alitunukiwa huko Marekani katika sherehe za The Game Awards. Niliposoma habari zake nilijiuliza: ikiwa mtu wa kambini ameweza, sisi wa mjini wenye stima tuna udhuru gani?

Kundi letu halina jina. Hukutana Jumamosi alasiri katika chumba cha juu cha nyumba moja ya Mji wa Kale, upande wa Kibokoni, na dirishani husikika mwuza kahawa akigonganisha vikombe vyake. Tulikuwa watu saba: wanafunzi watatu, fundi wa simu, dada mmoja anayesoma chuo, kijana mchoraji aliyemaliza shule akawa hana kazi, na mwenye chumba, ambaye mchana ni karani. Laptopu zilikuwa tatu, na moja kioo chake kina ufa toka pembe hadi pembe. Programu tunayoitumia ni Godot, iliyoanzishwa na vijana wawili wa Argentina na kutolewa kwa umma mwaka 2014. Haina malipo, na haidai kompyuta yenye nguvu nyingi. Mtu akikwambia kwamba lazima uwe tajiri ndipo uunde gemu, huyo hajafika chumba kile.

Kuingia si kulipa ada wala kuandikishwa. Sharti ni moja tu: uje na gemu iliyokwisha. Si lazima iwe nzuri, bali iwe na mwanzo, iwe na mwisho, na mtu aweze kushinda ama kushindwa. Nilipewa wiki tatu. Nikaunda gemu ya kivuko cha Likoni, ambayo mchezaji huwapakia abiria na mikokoteni kabla mlango wa feri haujainuliwa. Ilichukua dakika mbili kuicheza yote. Basi siku ya siku ikafika, nikaiweka mezani, na hapo ndipo nikaambiwa sheria ya pili: mwenye gemu hasemi. Wenzako wanacheza, wewe unatazama na mdomo umefungwa. Akikwama mahali usimwelekeze, akibonyeza pasipofaa usimzuie.

Nawaambieni, dakika zile zilikuwa ndefu kuliko mtihani wa hisabati! Fundi wa simu alikaa akiwapeleka abiria wake baharini mmoja mmoja, akidhani huko ndiko kwenye feri, nami ulimi unaniwasha. Kumbe hiyo ndiyo elimu yenyewe. Gemu itakapofika kwa mtu wa Kisumu ama Tanga, wewe hutakuwapo kando yake ukamweleza. Jambo linalohitaji maelezo yako bado halijaundwa. Jioni ile nilipewa kikombe cha kahawa na kashata, na nikaonyeshwa kiti. Hapo nikajua nimeshakuwa mmoja wao.

Baada ya hapo tukakubaliana kufanya kazi moja ya pamoja, tuunde bao. Zipo gemu za simu zinazoitwa bao ambazo zina safu mbili tu za mashimo, mchezo ambao mtoto huumaliza kuusoma kwa robo saa. Sisi tulitaka bao la Kiswahili lenyewe, lenye safu nne za mashimo manane manane na kete 64. Kila mchezaji ana kete 32. Anaanza na kete sita katika nyumba, mbili na mbili katika mashimo mawili yaliyo kuliani mwa nyumba hiyo, na 22 zinabaki mkononi. Kwanza watu hunamua, yaani kila zamu huingiza kete moja kutoka mkononi. Zikisha za mkononi, mchezo hugeuka ukawa wa mtaji peke yake. Anayemalizikiwa na kete katika safu ya mbele ameshindwa.

Kwa wanachama wa Chama cha Kiswahili nina habari ya kuwafurahisha. Unapoandika programu, yapo maneno machache ya Kiingereza ambayo kompyuta inayataka, lakini majina ya vitu unayachagua wewe. Kompyuta haijali. Basi ndani ya programu yetu mmeandikwa kete, shimo, nyumba, kichwa, kimbi, namua, mtaji, lala. Tulipojaribu kutafuta maneno ya Kiingereza ya kuyaweka badala yake hatukuyapata, na hata tungeyapata yangetupoteza, kwa kuwa kila neno la bao limebeba sheria ndani yake. Ukisema "lala", umeshasema kwamba kete ya mwisho imeangukia shimo tupu na zamu imekwisha. Nani amesema lugha yetu haifai kwa kompyuta?

Siku moja tukaona ajabu. Kete zilianza kutembea kwenye kioo, zikazunguka, zikazunguka, na hazikulala. Tukanywa chai, tukarudi, bado zinakwenda. Fundi akasema mashine imekwama. Dada wa chuo akachukua daftari akahesabu kwa kalamu, akaona mashine inafuata sheria sawasawa. Kumbe katika bao upo mwendo usio na mwisho, na watafiti wa Uholanzi walioandika programu ya bao wameshaueleza. Uholanzi huko! Mmoja wao, Alex de Voogt, alikwenda Unguja kukaa na mabingwa, na mwaka 1995 akatoa kitabu kizima kuhusu akili za wachezaji hao. Mtu alipanda ndege kuja kujifunza jambo ambalo sisi tunalipita barazani kila siku bila kutoa salamu.

Basi tukaamua kutoa salamu. Tulishuka hadi kwenye baraza moja ambapo wazee hucheza bao baada ya alasiri. Nikamwamkia mkubwa wao.

"Masalkheri, babu."

"Masalkheri, mwanangu. Una nini humo simuni?"

"Bao, babu."

Walicheka wote, hata mwuza kahawa. Mzee akaichukua simu, akaisogeza mbali na macho, akacheza zamu mbili, kisha akaniuliza, "Mbona bao lako lina haraka hivi? Lakimbilia wapi? Mimi nazihesabu kete zikianguka. Usiponionyesha moja moja, waniibia."

Sisi tulikuwa tumejisifu kwa ile kasi! Tukairudisha programu nyuma, kete zikawa zinaanguka moja moja, na kwa ruhusa yao tukanasa sauti ya kete za komwe zikigonga ubao. Jumamosi iliyofuata mzee mwengine akauliza kuhusu nyumba. Mtu akila wakati wa kunamua, na kete yake ya mwisho ikaangukia katika nyumba yake, ana hiari ya kusafiri nayo ama kulala. Gemu yetu ilikuwa inasafiri yenyewe. "Hiyo ndiyo akili ya mchezo," akasema, "nanyi mmemnyang'anya mchezaji." Sasa programu ikifika hapo husimama ikamwuliza mchezaji shauri lake. Wazee wawili wakabishana mbele yetu juu ya kanuni nyengine ndogo, hadi kahawa ikapoa. Hakuna kitabu walichokifungua. Sheria zote zimo vichwani mwao, na wachezaji wa baraza ile niliwahesabu: walikuwa watano, na mdogo wao ana wajukuu.

Hapo ndipo nilipoona kwamba kazi yetu si ya kupitisha wakati tu. Na hapo hapo ndipo ulipotujia mtihani.

Mnamo Desemba 2024 mfanyabiashara mmoja alisikia habari za gemu yetu, akaja. Alisema atatupa shilingi laki mbili na laptopu mpya, ila tuongeze jambo moja, nalo ni mchezaji aweke pesa kabla ya kucheza, na mshindi achukue. Yaani kamari. Wenzangu, laki mbili si mchezo. Tulikuwa tunachanga shilingi ishirini ishirini za kununua data. Mchoraji akasema tukubali, kwani nyumbani kwao yeye ndiye tegemeo la mama na wadogo watatu, na watu wanacheza kamari kila siku bila ya sisi. Dada wa chuo akasimama, na sauti yake ikitetemeka akasema kwamba nduguye alipewa karo akaicheza yote kwenye simu kwa usiku mmoja, na kwamba hataandika hata mstari mmoja utakaomtendea hivyo ndugu wa mtu mwengine. Mimi nilisema kwamba wale wazee wametupa bao bure, na katika baraza ile halichezewi pesa. Anayeshindwa huinuka, mwengine akakaa. Tukilitia kamari, tutapita vipi mbele ya baraza lao?

Tulipiga kura. Wanne tulikataa, watatu walitaka. Mchoraji aliondoka jioni ile na hakurudi tena, na michoro yake aliichukua, kwa kuwa ilikuwa mali yake. Sikumwona mbaya wala sasa simwoni, maana aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Ilitubidi kuchora ubao na mashimo upya, na hatukuwa na mkono mzuri kama wake. Bao letu mpaka leo lina ubao usiopendeza sana. Lakini linafuata sheria, na halimnyang'anyi mtu karo.

Nimejifunza nini? Kwanza, kundi zuri halikupokei kwa maneno yako bali kwa kazi uliyoimaliza, hata ikiwa ndogo. Pili, kuunda mchezo ni kumheshimu mtu usiyemjua ambaye ataushika kesho: asipotee, asiibiwe, aachiwe hiari yake. Tatu, kompyuta haitatuhifadhia utamaduni wetu ikiwa hatuujui, kwa sababu hufanya kile tu ilichoambiwa. Lau wazee wale wangekuwa wameshaondoka, tungemwuliza nani kuhusu nyumba?

Kwa hivyo nina ombi kwa chama chetu. Tuchague siku, twende tukaandike istilahi za bao na sheria zake kutoka vinywani mwa wachezaji, pamoja na zile wanazobishania. Walimu wetu watatusaidia kuzipanga. Na kwa mwanafunzi yeyote anayependa kuunda gemu, mlango wa chumba kile uko wazi kila Jumamosi, ngazi yake ni nyembamba, angalia kichwa. Njoo na gemu yako, hata iwe ya dakika mbili. Ila iwe imekwisha, na ukiiweka mezani, nyamaza.