Nyumba Iliyokuwa Kipofu

Twapenda kuwaeleza habari ya kosa letu wenyewe, ili atakayejenga nyumba mwaka huu asilirudie.

Nyumba yetu tuliijenga kwa matofali ya kuchoma, tukaiezeka kwa mabati, nasi tulijivuna sana kwa ajili yake. Walakini kwa kuogopa wevi na baridi ya milimani tuliyafanya madirisha kuwa madogo kama tundu za njiwa, na jiko halikupata dirisha kabisa. Hata saa sita mchana ndani mlikuwa giza. Basi tukanunua taa ndogo ya umeme wa jua. Mchana kutwa iliwaka jikoni, na usiku, watoto walipofungua vitabu vyao, ilikuwa imekwisha nguvu. Tukawasha kibatari chenye moshi. Hatukutambua upumbavu wetu, ya kuwa jua tulilolizuia kwa ukuta ndilo tulilolinunua dukani kwa fedha.

Mwaka juzi, baba yetu alipofariki, mama yetu alikuja kukaa nasi. Yeye si mtu wa kukaa bure, akaomba kazi ya kuchagua mchele. Hazikupita siku nyingi tukaanza kutafuna mawe. Mama watoto alinyamaza kwa heshima, sisi hatukunyamaza. Jioni moja tulisema, “Mama, macho yako yamechoka. Ungo uache.” Akajibu, “Vema, mwanangu,” akauweka chini. Tangu siku ile akawa akikaa pembeni, mikono magotini, na chakula chake kikapungua.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Shangazi yetu alipokuja kututembelea, aliingia jikoni akajikwaa kwenye figa. Akasema, “Wifi, mwaonaje humu pangoni? Njoo nje.” Akauchukua ungo, wakaketi uani. Tuliporudi kutoka shuleni tulimkuta mama akichagua mchele upesi upesi kama zamani. Tuliutazama mchele ule, tusione jiwe hata moja. Haya ilitushika. Macho ya mama hayakuwa na kosa. Nyumba yetu ndiyo iliyokuwa kipofu, nasi tulimhukumu mzazi wetu kwa kosa la ukuta. Tulimwomba radhi. Hakusema neno, ila alitupa ungo tumshikie, apumzishe mikono.

Tukafanya mambo matatu. Kwanza, tulipanua dirisha la sebule, tukalitia nondo, ili mwanga uingie na mwizi abaki nje. Pili, tulipaka kuta chokaa, kwa maana ukuta uliotiwa weusi na moshi humeza mwanga, na ukuta mweupe huurudisha. Tatu, huko jikoni, ambako ukuta umegusana na ghala, tulitia chupa darini.

Maarifa ya chupa si yetu. Mwaka 2002, nchi ya Brazil ilipokuwa imetoka kusumbuliwa na upungufu wa umeme, fundi wa mitambo wa mji wa Uberaba, jina lake Alfredo Moser, aliyavumbua. Tangu mwaka 2011 Bwana Illac Diaz na chama cha Liter of Light waliyaeneza katika nyumba za maskini nchini Ufilipino, na nchi nyingine zikafuata.

Kazi yenyewe ni hii. Huchukuliwa chupa ya plastiki nyeupe ya lita mbili, ikajazwa maji safi, ikatiwa vifuniko viwili vya dawa ya kung'arishia nguo, ili maji yasiote ukijani. Bati hutobolewa, chupa ikapenyezwa, kichwa kikabaki juu ya paa na sehemu kubwa ikaning'inia ndani. Miali ya jua ikiingia majini hupinda na kutawanyika pande zote. Jua likiwa kali, chupa hutoa mwanga kama wa globu ya wati 40 hadi 60, bila gharama ya kila siku. Usiku haifai kitu, na siku ya mawingu mwanga wake hupungua.

Lakini jihadharini na tundu. Sisi tuliziba kwa lami, na masika yalipofika maji yakadondokea unga. Fundi akaja kuziba tena kwa gundi ya mabati isiyopitisha maji. Tangu hapo hapavuji.

Sasa taa yetu hushinda juani ikijaza nguvu, na usiku watoto husoma hata wakachoka wenyewe. Kibatari kimewekwa rafuni. Mama huketi chini ya chupa na ungo wake, na wali wetu hauna mawe.

Basi, ndugu, kabla hamjawasha taa mchana, tazameni kwanza dirisha. Na kabla hamjamwambia mzee kwamba macho yake yamekwisha, mchukueni mpaka uani penye mwanga. Akishindwa kuona hapo, mpelekeni kwa mganga wa macho. Akiona, rudini ndani mkautazame ukuta wenu.